Gharama ya Breki za Motokaa: kwa Fundi au kwa Mikono Yetu

Leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mwenye motokaa hukutana nalo, apende asipende. Nalo ni kubadilisha breki zilizokwisha. Swali lenyewe ni hili: Je, ni heri kumpa fundi kazi hiyo na kumlipa ujira wake, au ni heri mtu kununua vifaa dukani na kuifanya kazi mwenyewe nyumbani kwake? Swali hili laonekana kuwa la fedha tu. Lakini tukilitazama vema tutaona ya kuwa lina mambo mawili ndani yake, fedha na uhai, wala mambo haya mawili hayatengani.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina motokaa, maneno haya hayanihusu." La, yamhusu sana. Asiye na motokaa hupanda basi kwenda Kondoa au Mpwapwa. Hupakia alizeti yake, karanga zake na zabibu zake katika lori la mwenziwe. Na watoto wake hutembea kando ya barabara kila asubuhi wakienda shule. Breki za motokaa ya mtu mmoja ni ulinzi wa watu wengi asiowajua. Kwa hiyo twaomba wote watusikilize, wenye motokaa na wasio nazo.

Kwanza na tujue breki ni kitu gani, maana mtu hawezi kuhesabu gharama ya kitu asichokijua. Itazame baiskeli. Ukishika breki, uzi wa chuma huvuta vipande viwili vya mpira, navyo huubana ukingo wa gurudumu pande zote mbili mpaka gurudumu lisimame. Breki za mbele za motokaa nyingi za siku hizi hufanya kazi vivyo hivyo. Ndani ya gurudumu mna sahani ya chuma iitwayo diski, izungukayo pamoja na gurudumu. Kando ya diski mna vipande viwili viitwavyo pedi. Kila pedi ni bamba la chuma lililogandishwa juu yake kitu kigumu chenye kukwaruza. Dereva akikanyaga, pedi hizo huibana diski. Kifaa kinachozishika na kuzisukuma pedi huitwa kalipa.

Breki za nyuma za motokaa nyingi ni za namna nyingine. Mna ngoma ya chuma izungukayo, na ndani yake mna viatu viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga. Dereva akikanyaga, viatu hutanuka vikaikwaruza ngoma kwa ndani. Ndiyo maana mafundi husema "pedi" kwa breki za diski, na "viatu" kwa breki za ngoma.

Lakini nguvu ya mguu wa dereva yafikaje kwenye magurudumu? Hapana uzi kama wa baiskeli. Mna mabomba membamba yaliyojaa mafuta ya breki. Mafuta hayo hayakubali kubanwa yakawa madogo. Ukiyasukuma upande huu, yasukuma upande wa pili kwa nguvu. Kanuni hii ilielezwa na mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662. Upepo hauna tabia hiyo. Upepo wabanika. Kwa hiyo upepo ukiingia katika mabomba ya breki, mguu wa dereva hushuka mpaka chini kana kwamba akanyaga godoro, na motokaa haisimami. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa wanafunzi wasugue viganja vyao kwa nguvu. Mwaona joto? Kila msuguano huzaa joto, na kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Na tufanye hesabu moja. Motokaa yenye uzito wa kilo 1,500 ikiteremka mlima wenye kimo cha meta 300, ikazuiwa na breki peke yake, joto litakalozaliwa katika breki hizo latosha kuchemsha lita 13 za maji yaliyochotwa mtungini, yaani zaidi ya nusu debe. Joto hilo lote huingia katika vipande vichache vya chuma visivyozidi ukubwa wa sahani ya kulia chakula. Basi si ajabu breki zikitoa moshi na harufu ya kuungua.

Jambo la pili ni mwendo. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa, juu ya lami kavu na breki zikiwa nzima, husimama katika meta kama 14 tangu breki zishikapo. Ikienda kilometa 100 kwa saa, mwendo umekuwa maradufu. Lakini njia ya kusimamia haiwi meta 28, huwa meta kama 56, yaani mara nne. Tena kabla breki hazijashika dereva hutumia kama sekunde moja kuiona hatari na kukanyaga, na katika sekunde hiyo motokaa ya kilometa 100 imekwisha kwenda meta 28 nyingine. Jumla ni meta 84. Hayo ni kwa breki nzima na lami kavu. Penye changarawe, vumbi au matope, njia huwa ndefu zaidi.

Nchi yetu ya katikati ina tabia zake zinazozila breki. Mji wa Dodoma uko kiasi cha meta 1,100 juu ya bahari, na mgeni hudhani ya kuwa uwanda ni nchi tambarare isiyosumbua. Lakini msafiri atokaye Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera hukutana na milima ya Nyang'oro. Aendaye Singida hupita bonde la Bahi, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya kufika Manyoni, na wakati wa kurudi huuteremka ukingo huo huo. Akizidi mbele ya Singida kuelekea Nzega hukuta mteremko wa Sekenke. Na aendaye Babati kwa njia ya Kondoa hupita vilima vya Kolo na Bereko. Zaidi ya hayo, kwetu mvua hunyesha miezi michache tu, tangu Desemba hata Aprili. Miezi mingine yote ni vumbi. Vumbi la mchanga likiingia kati ya pedi na diski hufanya kazi ya msasa. Likiingia katika ngoma za nyuma hujaa humo kama takataka chini ya kitanda, na mwenye motokaa halioni kwa kuwa ngoma imefunikwa.

Watu wa Dodoma hawajaisahau tarehe 24 Juni 2002. Siku hiyo treni ya abiria katika Reli ya Kati, sehemu za Igandu na Msagali, ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Breki za treni si namna moja na breki za motokaa; lakini fundisho latufaa sisi sote. Kitu kizito kikisha kuanza kuteremka, hapana mkono wa mtu uwezao kukizuia.

Sasa na tuje katika gharama. Bei za vipuri hupanda na kushuka, nazo hutofautiana kwa namna ya motokaa. Kwa hiyo tarakimu tutakazozitumia hapa ni za hesabu tu, kama mwalimu atumiavyo maembe darasani. Kila mtu aziondoe na kutia bei atakayoikuta dukani kwake.

Tuseme pedi za magurudumu mawili ya mbele ni shilingi 40,000, na ujira wa fundi ni shilingi 20,000. Mwenye motokaa atalipa shilingi 60,000. Akifanya mwenyewe, ataokoa zile shilingi 20,000 za ujira. Hapo wengi hukoma kuhesabu, wakasema, "Nimepata faida." Lakini ili aifanye kazi hiyo salama, yampasa awe na jeki madhubuti, stendi mbili za chuma za kuishikilia motokaa, spana za kutosha, klampu ya kurudishia pistoni, brashi, na grisi isiyoyeyuka kwa joto. Tuseme vyote hivyo ni shilingi 180,000. Ukigawa 180,000 kwa 20,000, jibu ni 9. Maana yake, atabadilisha pedi mara tisa kabla fedha ya zana haijarudi. Ikiwa pedi zake hudumu miaka miwili, mara tisa ni miaka kumi na minane. Motokaa yenyewe itakuwa imekwisha kuuzwa!

Hesabu hubadilika ikiwa zana zipo tayari, au ikiwa watu hushirikiana. Majirani watano wenye motokaa tano wakinunua zana kwa shirika, watabadilisha pedi mara tano katika kila miaka miwili, na zile mara tisa zitatimia kabla ya miaka minne kwisha. Hali kadhalika chama cha wakulima chenye malori na trekta. Kwa watu kama hao, kujifunza kazi hii ni faida ya kweli.

Tena iko gharama ambayo mtu wa kijijini huisahau. Motokaa iliyo mbali na mji, yenye breki zilizokwisha, yafikaje kwa fundi? Kuiendesha mpaka Dodoma ni hatari kwake na kwa wengine. Kuivuta ni fedha nyingi. Aghalabu ni nafuu kumwita fundi aje na vipuri vyake kwa basi, mwenye motokaa akamlipia nauli na chakula. Nauli hiyo lazima iingizwe katika hesabu.

Lakini gharama iliyo kubwa kuliko zote si ujira wala zana, ni ukawivu. Pedi ikisha kuliwa yote, lile bamba la chuma huanza kukwaruza diski, chuma kwa chuma. Diski huchimbika mifereji. Ikiwa bado ina unene wa kutosha, fundi mkerezaji aweza kuisawazisha; ikiwa imekuwa nyembamba, hapana dawa ila kununua nyingine. Tuseme diski mbili ni shilingi 150,000, pedi ni zile zile 40,000, na ujira umepanda kuwa 30,000. Jumla ni shilingi 220,000, karibu mara nne ya zile 60,000 za mtu aliyewahi. Zimezidi kwa shilingi 160,000. Na yule afanyaye kazi mwenyewe huokoa shilingi 20,000 kila mara. Basi faida ya kazi nane humezwa na ukawivu wa mara moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo lahusu breki kama linavyohusu nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye motokaa, ambayo haimgharimu ila saa moja, ni kukagua. Kazi hii hata mwanafunzi aweza kuifanya akiwa na rula yake ya shule, mtu mzima akiwa karibu. Motokaa isimame pahali tambarare, ukiwa umepoa. Tazama kati ya matundu ya rimu, au ondoa gurudumu, upime unene wa kile kitu kigumu juu ya bamba la pedi. Pedi mpya aghalabu huwa na milimeta 10 au zaidi. Ikibaki milimeta 3, wakati wa kubadilisha umefika. Usipime pedi ya nje tu. Ile ya ndani yaweza kuliwa upesi zaidi. Kisha tazama chupa ndogo ya mafuta ya breki chini ya boneti. Yakiwa yamepungua, ama pedi zimeliwa ama pana mvujo. Katika hali zote mbili yafaa kutafuta sababu, wala haitoshi kuongeza mafuta na kwenda zako.

Breki pia husema zenyewe, kwa mwenye masikio. Mlio mwembamba kama filimbi wakati wa kukanyaga huwa ni onyo kwamba pedi zakaribia kwisha. Mlio wa chuma kukwaruza chuma ni onyo la mwisho. Motokaa ikivuta upande mmoja, breki za kushoto na kulia hazishiki sawasawa. Kanyagio likitetemeka, huenda diski imepinda. Na kanyagio likiwa laini likashuka mpaka chini, hapo hapana shauri jingine: motokaa isiende hata hatua moja.

Mtu akiisha kukagua akaona pedi zimekwisha, naye ana zana na ameonyeshwa kazi na mtu aijuaye, aweza kubadilisha pedi za mbele mwenyewe. Tutaeleza kazi ilivyo, ili hata amlipaye fundi ajue kinachofanyika.

Simamisha motokaa penye ardhi ngumu na tambarare. Tia gia, vuta breki ya mkono, na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma, na motokaa ikalie stendi hizo. Mtu asiingize mwili wake chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, wala iliyokalia mawe au matofali. Motokaa ikianguka haimpi mtu nafasi ya kukimbia.

Ondoa gurudumu. Fungua kalipa, uitundike kwa waya au kamba. Usiiache ining'inie kwa bomba lake la mpira, maana bomba laweza kupasuka ndani bila kuonekana nje. Toa pedi za zamani, uangalie zilivyokaa. Safisha mavumbi kwa kitambaa au brashi yenye maji. Usiyapulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi na viatu vya zamani viliwekwa asibesto, nayo vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Na hata vumbi la pedi za siku hizi si zuri kuvutwa puani. Itazame diski: unene wake wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umeandikwa juu ya diski yenyewe. Rudisha pistoni ndani polepole kwa klampu, huku mwenzio akiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike, kwa kuwa mafuta hayo hubabua rangi ya motokaa. Paka grisi pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Pedi yenyewe na diski visiguswe na grisi hata kidogo. Weka pedi mpya, funga kila kitu, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa wakati mmoja. Abadilishaye upande mmoja tu atavutwa upande mmoja siku ya hatari.

Magurudumu yakisha kufungwa, na kabla ya kuwasha na kuondoka, kanyaga breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu. Sababu ni hii: pistoni ulizirudisha ndani, na mara ya kwanza kukanyaga hazizifikii pedi. Asiyefanya hivyo huondoka akakuta hana breki mlangoni pake. Kisha jaribu polepole pahali pasipo watu. Kwa siku chache za kwanza kanyaga kwa upole, ili pedi mpya na diski zizoeane.

Breki za ngoma ni kazi ngumu zaidi, kwa maana mna springi nyingi na vipande vidogo, na kila kimoja kina pahali pake. Mafundi wazuri hufungua upande mmoja tu kwanza, na kuuacha wa pili uwe kielelezo cha kutazamia. Anayeanza kujifunza afanye kazi hiyo mbele ya fundi.

Ziko kazi ambazo twawashauri wasio mafundi wasiziguse. Kazi yoyote inayofungua mabomba ya mafuta ni ya fundi, kwa sababu ya ule upepo tuliousema. Ukiingia lazima utolewe kwa utaratibu, gurudumu moja baada ya jingine. Masta silinda, bomba za mpira, na breki zenye vyombo vya umeme na kompyuta ni za fundi. Vilevile mafuta ya breki yana tabia yake. Hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakisha kunyonya huchemka upesi. Mafuta yaliyoandikwa DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakisha kuingiwa na unyevu, yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka mteremkoni, mvuke hufanya kama upepo, na kanyagio hushuka. Ndiyo maana yafaa kuyabadilisha yote kila baada ya miaka kama miwili. Wala mtu asithubutu kutia oili ya injini, mafuta ya taa au maji ya sabuni badala yake, ijapokuwa amekwama porini. Oili huvimbisha mipira ya ndani ikaharibika, na breki zote huharibika pamoja nayo.

Sasa neno kwa yule aamuaye kwenda kwa fundi. Uliza bei kabla ya kazi, nayo itajwe kwa mafungu: vipuri kiasi gani, mafuta kiasi gani, ujira kiasi gani. Ukinunua pedi mwenyewe, chukua ile ya zamani dukani uilinganishe, uombe na risiti. Bei ya chini mno iwe onyo kwako, maana pedi za bandia zina sura ya pedi za kweli, na tofauti huonekana mlimani. Omba kuonyeshwa vipande vilivyotolewa. Kazi ikisha, panda pamoja na fundi mkajaribu breki. Fundi mwema hakasiriki kwa maswali hayo; bali hufurahi kuona kazi yake yatazamwa na mtu aijuaye. Na kijana apendaye kazi hii yampasa kujua ya kuwa yafundishwa kwa utaratibu katika vyuo vya VETA, Mamlaka ya ufundi stadi iliyoanzishwa mwaka 1994, na Dodoma pana chuo chake. Ujira wa fundi aliyefundishwa si bei ya kufungua nati mbili; ni bei ya kujua ni nati zipi, na zifungwe kwa nguvu gani.

Tena dereva aweza kupunguza gharama hizi kwa namna anavyoendesha. Kabla ya kuanza kuteremka mlima, atie gia ndogo, ili injini yenyewe ishike sehemu ya kazi ya kuzuia. Wako madereva ambao hutoa gia mteremkoni, na wengine huzima hata injini, wakidhani waokoa petroli. Hao huuza ng'ombe ili kununua kamba. Motokaa yao yazuiwa na breki peke yake, lile joto tulilolihesabu laingia lote katika pedi, na injini ikizimwa kanyagio huwa gumu, kwa kuwa msaada uupatao mguu hutoka katika injini. Asiyepita na mzigo mzito kupita kiasi, na aonaye mbali akapunguza mwendo mapema, pedi zake hudumu sana.

Nao abiria wana kazi yao. Ukiwa ndani ya basi ukasikia chuma chakwaruza chuma, au ukaona moshi magurudumuni, mwambie kondakta, nawe uwaambie wenzako. Ukifika penye askari wa barabarani, mwambie pia. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiwaruhusu watu kuendesha gari bovu barabarani, na abiria asemaye haombi fadhili.

Basi tukikusanya maneno yetu, jibu la swali ni hili. Kukagua ni kazi ya kila mwenye motokaa, wala haitaki fedha. Kubadilisha pedi za mbele aweza kuifanya mtu mwenye zana, mwenye stendi na aliyefundishwa. Naye atapata faida ikiwa zana zake zatumika kwa motokaa nyingi. Mwenye motokaa moja, asiye na zana, ni nafuu kwake kumlipa fundi mwaminifu. Mambo ya mabomba na mafuta yote ni ya fundi. Na yeyote afanyaye kazi hiyo, afanye mapema, pedi zikiwa bado na milimeta 3. Maana hapo ndipo fedha huokolewa, na mtoto avukaye barabara kwenda shule hufika salama.